Aliyeonekana Mahali pa Tukio

Mfuko wa chembe sahani hauna rangi ya damu. Ukiushika unaona majimaji ya manjano yaliyopauka, kama juisi ya nanasi iliyozidishwa maji. Ukiuinua kwenye taa na kuuzungusha taratibu, ndani yake yanapita mawimbi yanayometameta. Mawimbi hayo ndiyo dalili kwamba chembe bado ni nzima. Hatuziweki kwenye jokofu. Zinakaa kwenye kabati la nyuzi joto 20 hadi 24, juu ya rafu zinazotikisika mbele na nyuma usiku na mchana. Siku zake zikiisha, tunazitupa.

Novemba 2018 nilikuwa zamu ya usiku katika maabara ya hospitali moja Dar es Salaam, naandika namba za mifuko hiyo kwenye daftari, simu ikaita. Ilikuwa saa nane usiku. Baba mdogo si mtu wa kupiga simu saa nane usiku.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Upo kazini?"

"Nipo."

"Bibi yako ameonekana kwa jirani. Usiku huu. Amesimama uani, nguo ya kulalia, peku."

Nilijua kwa nini sauti yake ilikuwa vile. Katika uwa huo, wiki moja kabla, walikuwa wamezika mtoto wa miaka miwili. Na Bibi yangu alikuwa kikongwe wa Usukuma mwenye macho mekundu. Anayetoka kwetu Shinyanga hahitaji kuelezwa zaidi. Macho ya wanawake wale yanaiva kwa moshi wa kuni na samadi, miaka hamsini ya kupuliza moto, lakini kwa watu wengi wekundu ule umekuwa hati ya mashtaka. Kuna vikongwe waliokatwa mapanga kwa sababu hiyo tu.

"Watu wameanza kusema," Baba mdogo akaendelea. "Mwenyekiti wa kitongoji ameita kikao Jumapili. Wewe umesomea damu. Niambie mama anaumwa nini. Nataka jina."

Nikamwambia ni kusahau kwa uzeeni.

"Hilo siyo jina la ugonjwa," akasema. "Hilo wanalijua. Wanasema mchawi naye husahau akiwa amechoka na safari za usiku. Nipe jina."

Usiku huohuo, katikati ya mifuko inayotikisika, nilianza kusoma. Mengi ninayoandika hapa niliyajua baadaye, baada ya kikao kupita, lakini swali lilikuwa lile la Baba mdogo. Nilitaka jina. Nilichokipata ni historia ndefu ya majina yaliyokosewa, na ndani yake, bila kutarajia, nikakutana na chembe nilizokuwa nazihesabu kila siku.

*

Kosa la kwanza limo kwenye neno amiloidi lenyewe. Mwaka 1854 daktari Mjerumani Rudolf Virchow aliviona vijipunje vidogo katika ubongo na uti wa mgongo wa maiti, akavidondoshea iodini, kisha asidi ya salfuriki. Tone la iodini kila aliyepita sekondari analikumbuka: likidondoka juu ya kipande cha muhogo linageuka bluu nzito, na mwalimu anasema, "Mmeona? Wanga." Vijipunje vya Virchow vilibadilika rangi kwa namna ya kukaribiana na hiyo. Akahitimisha kwamba ni vitu vya jamii ya wanga, akaazima neno kutoka kwa wataalamu wa mimea: amiloidi, yaani kinachofanana na wanga. Neno likahamia pia kwenye maini na bandama za wagonjwa, zilizokuwa zimekakamaa na kung'aa kama zimepakwa nta.

Miaka 5 tu ilipita. Mwaka 1859 Nikolaus Friedreich na mkemia August Kekulé walichunguza bandama ya namna hiyo, wakitafuta wanga. Hawakuupata. Walichokuta ni kitu cha jamii ya protini. Kwa hiyo tangu mwaka 1859 inajulikana kwamba jina si sahihi, na tangu mwaka huo hakuna aliyelibadilisha.

Leo tunajua zaidi. Protini ni kamba ndefu ambayo lazima ikunjwe kwa namna yake ndipo ifanye kazi. Ikikunjwa vibaya inaweza kushikana na nyingine iliyokunjwa vibaya, na nyingine, mpaka zinakuwa nyuzi ngumu, zimepangwa kama miyaa kwenye ukili. Mwaka 1959 Alan Cohen na Evan Calkins waliziona nyuzi hizo kwa hadubini ya elektroni. Mwili huzifumua kwa shida sana. Zinajazana katikati ya tishu, na kiungo kinachobeba mzigo huo kinaanza kushindwa: moyo, figo, ubongo.

Virchow huyohuyo ndiye aliyetupa pia neno la kitabibu la damu kuganda ndani ya mshipa wa mtu aliye hai. Nyuzi na donge la damu, vyote viwili vilipita mezani kwake. Hakuwa na sababu ya kuviweka pamoja, na kwa zaidi ya miaka mia moja baada yake karibu hakuna aliyeviweka.

*

Chembe sahani zilichelewa kupewa heshima. Ni ndogo mno. Max Schultze aliziandika mwaka 1865 kama vumbivumbi lililoko katika damu ya watu wazima wa afya. William Osler, kijana wa Kanada aliyekuwa akisoma London, alizichora mwaka 1874, zikielea moja moja ndani ya mshipa na kushikana zikitolewa nje. Wengine walidhani ni mabaki ya chembe nyeupe, au uchafu, au bakteria.

Aliyezitazama zikifanya kazi ni Giulio Bizzozero wa Torino, Italia. Alitandaza chini ya hadubini utando mwembamba wa utumbo wa mnyama aliye hai, mishipa ikionekana na damu ikipita. Kisha akaujeruhi mshipa. Hazikuwa chembe nyekundu zilizofika kwanza, wala nyeupe. Vilikuwa visahani vidogo visivyo na rangi, vikinata kwenye ukingo wa jeraha kimoja juu ya kingine mpaka tundu likazibwa. Makala yake kamili ilitoka mwaka 1882, katika jarida la Virchow. Kwa Kiitaliano aliviita kwa neno lenye maana ya visahani, nasi tukafuata.

Zilikotoka ilijulikana mwaka 1906, James Homer Wright wa Boston alipoonyesha kwamba ni vipande vinavyomeguka kutoka kwa seli kubwa mno za uboho. Kwa hiyo chembe sahani si seli kamili. Haina kiini. Inaishi siku 7 hadi 10. Katika milimita moja ya ujazo ya damu yako, unaposoma hapa, zinaelea kati ya 150,000 na 400,000, na kazi yake ni kupita karibu na ukuta wa mshipa zikingoja paharibike.

Ushike mwaka huo wa 1906, maana tutarudi.

*

Nilikosomea kulikuwa na chupa ya unga mwekundu ulioiva. Lebo yake ilisema, kwa Kiingereza, Nyekundu ya Kongo. Kwa muda mrefu niliamini unga ule unatoka Kongo, kama ulivyotoka mpira na zilivyotoka pembe za ndovu. Sikuwahi kuuliza. Tulikuwa tunautumia kutafutia amiloidi: unapaka rangi kwenye kipande cha tishu kilichokatwa kama karatasi, unakitazama chini ya mwanga uliochujwa, na mahali penye amiloidi panawaka kijani, kijani cha embe bichi.

Rangi hiyo haina uhusiano wowote na Kongo. Iliundwa mwaka 1883 na Paul Böttiger, mkemia kijana wa kampuni ya Bayer nchini Ujerumani. Mwajiri wake hakuitaka, naye akaiuza kwa kampuni ya AGFA ya Berlin. Ilikuwa rangi ya kwanza iliyoshika pamba moja kwa moja, bila dawa ya kuishikizia, na ilihitaji jina la kuuzia. Wakati huo Berlin ilikuwa imepokea wageni. Kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, wajumbe wa Ulaya walikaa pale wakijadili Kongo, bila Mwafrika hata mmoja mezani. Magazeti yote yalikuwa na neno hilo moja. Mwaka 1885 rangi ikaingia sokoni ikiwa imevishwa jina la nchi ambayo watu wake hawakuwa wameulizwa lolote. Siku moja baada ya mkutano kufungwa, tarehe 27 Februari, Kaizari alitoa barua ya ulinzi kwa madai ya Carl Peters huku kwetu, nasi tukaanza safari ya kuitwa Afrika Mashariki ya Wajerumani.

Mwaka 1922 daktari Hans Bennhold aliwadunga wagonjwa rangi hiyo kwenye mshipa, akaona kwa wenye amiloidi inatoweka haraka ndani ya damu. Ilikuwa inanaswa na zile nyuzi. Mwaka 1927 Paul Divry, daktari wa Liège, aliipaka kwenye madoa ya ubongo wa wazee waliokuwa wamepoteza kumbukumbu, akaona tabia ileile ya amiloidi chini ya mwanga uliochujwa. Liège iko Ubelgiji. Mwaka 1927 Kongo ilikuwa koloni la Ubelgiji. Sidhani Divry aliwazia hayo alipofungua chupa. Mimi sikuyawazia nilipofungua yangu.

*

Madoa hayo yalikuwa yamekwisha kupata mwenyewe. Tarehe 25 Novemba 1901, mwanamke wa miaka 51 aitwaye Auguste Deter aliingizwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Frankfurt. Alikuwa amemshuku mumewe, akaanza kuficha vitu na kuvisahau, kuzunguka nyumbani bila kujua anakwenda wapi. Daktari wake, Alois Alzheimer, alimuuliza maswali na kuandika majibu. Jalada hilo lilipotea kwa miongo mingi, likapatikana Frankfurt mwaka 1995, na ndani yake limo lile watu wanalolikumbuka: mwanamke anajaribu kuandika jina lake, anashindwa, na anasema kwa namna yake kwamba amejipoteza.

Nilipofika hapo nilifunga kompyuta. Bibi alikuwa hajawahi kuandika jina lake, hakusoma shule. Lakini niliwahi kumwona amesimama mlangoni ameshika ufagio, anautazama, anasubiri ufagio umwambie kilichomleta.

Auguste alifariki tarehe 8 Aprili 1906. Ubongo wake ulipelekwa Munich, Alzheimer alikokuwa amehamia, naye akaupaka madini ya fedha. Akaona madoa nje ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Tarehe 3 Novemba 1906 alisoma taarifa yake mbele ya madaktari huko Tübingen. Hakuna aliyeuliza swali. Mwaka 1910 bosi wake, Emil Kraepelin, aliuita ugonjwa huo kwa jina la Alzheimer katika kitabu chake. Ndivyo ulivyopata jina. Ndilo jina nililomtumia Baba mdogo kwa ujumbe wa simu, Alhamisi asubuhi, nikitoka zamu.

Alijibu: "Linatamkwaje?"

Kuna jambo katika taarifa ile ya kwanza ambalo hupitwa haraka. Alzheimer aliandika pia kwamba mishipa mikubwa ya damu ya ubongo ilikuwa imekakamaa. Mishipa ilikuwepo tangu mwanzo, ukurasa uleule. Lakini kilichoshika macho ya watu ni madoa na nyuzi za ubongo, na ugonjwa ukawa mali ya wataalamu wa ubongo. Damu ilibaki kwa wataalamu wa damu, katika jengo jingine.

*

Mlango kati ya majengo hayo ulifunguliwa mwaka 1984. George Glenner na Caine Wong, huko San Diego, walitaka kujua nyuzi za ugonjwa wa Alzheimer zimetengenezwa kwa protini gani. Hawakuanzia kwenye madoa ya ubongo. Walianzia kwenye mishipa ya damu ya utando unaofunika ubongo, kwa kuwa humo amiloidi ilikuwa rahisi zaidi kuisafisha. Walichopata ni kipande kifupi cha protini, ambacho leo tunakiita beta amiloidi. Mwaka uliofuata kundi jingine la watafiti, akiwemo Colin Masters na Konrad Beyreuther, likaonyesha kwamba kiini cha madoa ya ubongo kimeundwa kwa kitu hichohicho. Mwaka 1987 jeni inayotengeneza protini mama, ile ambayo kipande hicho hukatwa kutoka kwake, ikapatikana kwenye kromosomu ya 21. Glenner alifariki mwaka 1995. Alichomuua ni amiloidi, ya aina nyingine, iliyojaa moyoni mwake.

Sasa watu wakaanza kuuliza protini mama hiyo inapatikana wapi mwilini. Walitegemea jibu liwe ubongo. Mwaka 1990 maabara zaidi ya moja zilitangaza karibu kwa pamoja: imejaa ndani ya chembe sahani. William Van Nostrand na wenzake waliikuta katika vifuko vidogo vilivyomo ndani ya chembe hizo. Ashley Bush na wenzake walionyesha kwamba chembe zikiamshwa zinaimwaga nje. Katika damu inayozunguka, zaidi ya sehemu 90 kwa mia za protini hiyo zimebebwa na chembe sahani.

Nilisoma sentensi hiyo nikiwa nimekaa mita mbili kutoka kwenye kabati linalotikisika.

Na protini ile haikuwa jambazi. Ilikuwa na kazi halali. Jeraha likitokea, chembe sahani zinakimbilia, zinafungua vifuko vyao, na protini hiyo inasaidia kuzuia mgando usivuke mpaka. Inakibana kimojawapo cha vimeng'enya vya kugandisha damu ili donge lizibe tundu bila kuziba mshipa mzima. Ni kama mtu anayesimama pembeni ya moto wa kuchoma shamba, ameshika tawi bichi.

Shida inatokana na mikato. Vimeng'enya vinaikata protini mama kama mikasi. Ikikatwa mahali pamoja, hakuna madhara. Ikikatwa kwingine, inatoka beta amiloidi, yenye viungo 40 au 42. Katika miaka ya 1990 ilithibitika kwamba chembe sahani zina mikasi hiyo yote, na kwamba zinatoa zaidi kipande cha viungo 40. Na kipande cha viungo 40 ndicho kinachoonekana kwa wingi katika amiloidi ya kuta za mishipa ya ubongo.

Unaona shaka inavyojengeka. Chembe zinabeba malighafi. Zina mikasi. Zinapita mahali palepale amiloidi inapojazana. Watafiti wa Italia walikuta kwamba protini hiyo katika chembe sahani za wagonjwa wa Alzheimer ina uwiano tofauti na wa watu wengine. Mwaka 2016 kundi la Düsseldorf lilionyesha kwamba beta amiloidi ikiigusa chembe sahani, chembe inaamka na kumwaga vitu vinavyosaidia beta amiloidi zaidi kugeuka nyuzi, kisha nyuzi zinaamsha chembe nyingine. Panya walioandaliwa kupata ugonjwa huo walipopewa dawa ya kutuliza chembe sahani, amiloidi katika mishipa yao ilipungua. Mwaka 2017 ikatolewa kazi nyingine iliyowaunganisha panya wawili wakashiriki damu moja kwa miezi 12, mmoja akiwa na jeni za ugonjwa, mwenzake mzima. Beta amiloidi ilionekana kwenye ubongo wa yule mzima. Ilikuwa imesafiri kwa damu.

Usiku ule niliposoma hayo nilitaka kumpigia Baba mdogo na kumwambia, nimempata. Nimempata mwenye makosa, na ninafanya naye kazi.

*

Ila kuna aspirini.

Kama chembe sahani ndizo zinazoleta ugonjwa, basi dawa ya kuzituliza ingepaswa kuuzuia, na dawa hiyo ipo, inauzwa kila duka la dawa. Hilo limejaribiwa kwa watu. Utafiti mmoja mkubwa uliofanyika Australia na Marekani, uitwao ASPREE, uliwachukua wazee 19,114 wenye afya, wengi wao wa miaka 70 na zaidi. Nusu walipewa miligramu 100 za aspirini kila siku na nusu vidonge visivyo na dawa. Baada ya karibu miaka 5 matokeo yalitoka, mwaka 2018 uleule. Ugonjwa wa kusahau haukupungua. Kilichoongezeka ni kutokwa na damu kwa wingi.

Hilo halizifuti tafiti za panya. Aspirini inagusa njia moja tu ya kuamsha chembe hizo, na pengine miaka 70 ni kuchelewa. Seli za ubongo nazo zinatengeneza beta amiloidi zenyewe, bila msaada wa damu. Wengi sasa wanaona chembe sahani kama washiriki, hasa katika mishipa, ambako amiloidi hudhoofisha kuta mpaka damu ikavujia kwenye ubongo. Lakini kushiriki si sawa na kuanzisha. Hata kuwepo peke yake hakutoshi. Chembe sahani zinakuwepo kila mahali mshipa unapoumia, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Ukikuta askari wa zimamoto kwenye kila nyumba iliyoungua, usikimbilie kusema wao ndio wachomaji.

Mpaka hapo nilikuwa nadhani nasoma kuhusu damu.

*

Jumapili Baba mdogo alinipigia na kuweka simu kwenye spika. Nilisikia kuku, watoto wanafukuzwa, kisha mwenyekiti akanikaribisha. Niliwaamkia wakubwa wote. Nikasema Bibi anaumwa. Nikataja jina la ugonjwa, taratibu, mara mbili. Nikaeleza kwamba kutembea usiku ni dalili, kwamba mgonjwa anaweza kudhani ni alfajiri ya miaka mingi iliyopita. Nikasema, na ninajuta namna nilivyolisema, kwamba ni jambo la protini.

Kimya. Kisha mzee mmoja akauliza swali ambalo Tübingen hawakuliuliza.

"Binti, una kipimo chake?"

Sikuwa nacho. Hakuna aliyewahi kumpima Bibi, na hospitali niliyokuwa nafanyia kazi isingeweza kumpima hata angekuja. Ningeweza kusema ninacho. Wasingejua.

"Sina, babu," nikasema.

Manung'uniko yakaanza. Nikasikia, "Lakini alionekana." Wa pili naye, "Alionekana." Neno hilo lilizunguka kikao kile kama kibuyu cha pombe, kila mmoja akikipokea na kumpa mwenzake. Alionekana kwenye uwa wa msiba. Macho yake ni yale. Mtoto amekufa. Malighafi ipo, mkasi upo, mahali ni palepale.

Aliyezungumza baada ya hapo ni mama wa nyumba ile, nyanya wa mtoto aliyezikwa. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia siku nyingi.

"Mimi ndiye niliyemwona," akasema. "Nyinyi mnasema alionekana, mimi nilimwona. Alikuwa ameshika fimbo, anaita ng'ombe. Anawataja majina. Nimeolewa hapa nikiwa binti, nawajua wale ng'ombe, ni wa marehemu mzee wake. Wamekufa zamani. Alikuwa anawatafuta."

Hakusema zaidi. Mwenyekiti alifunga kikao bila uamuzi, na kwa mambo yale, kutokuwa na uamuzi ni ushindi. Baba mdogo hakuuamini ushindi huo. Kabla ya mwezi kwisha alimhamishia Bibi Mwanza, kwenye chumba kimoja, mbali na zizi lisilo na ng'ombe.

Nimekifikiria kikao kile mara nyingi kuliko nilivyofikiria makala yoyote ya kisayansi. Mimi nilileta jina na sikuwa na ushahidi. Wao walikuwa na ushahidi wa kuonekana tu. Yule mama ndiye pekee aliyekuwa ametazama mpaka mwisho: si nani alikuwepo bali alikuwa anafanya nini. Bizzozero alifanya hivyohivyo na utando wake wa utumbo. Na yeye ndiye aliyekuwa na kila sababu ya kutafuta wa kumlaumu.

*

Watu huniambia ugonjwa huu ni wa Wazungu, kwetu hakuna. Upo. Watafiti walipokwenda nyumba kwa nyumba katika vijiji vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wakawapima watu 1,198 wa miaka 70 na kuendelea, walikuta dalili za ugonjwa wa kusahau kwa takriban watu 6 katika kila 100. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Katika kitongoji chochote chenye wazee, kuna mmoja anayetafuta ng'ombe usiku.

Mwezi Mei 2025 Marekani iliruhusu kipimo cha kwanza cha damu cha kusaidia kutambua ugonjwa wa Alzheimer. Damu ya mkononi, kijitube kimoja. Ninachokipenda katika habari hiyo ni kwamba damu imerudi kwenye simulizi, hata kama kwa mlango wa nyuma. Siku kipimo hicho kitakapofika Shinyanga sijui ni lini. Swali la mzee yule nimelihifadhi. Lilikuwa swali zuri.

Bibi alifariki Mwanza mwaka 2020, usingizini. Hakuna aliyefungua kichwa chake, na nisingekubali. Kwa hiyo sitajua kama ilikuwa Alzheimer au mishipa au vyote viwili, wala chembe sahani zake zilihusika kiasi gani. Kwenye cheti waliandika uzee.

Mara ya mwisho kumwona nilikaa naye siku tatu. Tangu nikiwa mdogo alikuwa akiniita mke mwenzake, kwa utani wa bibi na mjukuu wa kike, tukigombania mume ambaye ni babu yangu. Siku ya kwanza aliniuliza mimi ni nani. Nikamtajia jina langu na jina la baba yangu. Akalifikiria, akatikisa kichwa. Siku ya pili aliniuliza tena. Siku ya tatu nilikuwa nimeinama namvua viatu, akanishika bega.

"Mke mwenzangu," akasema, "ng'ombe wamerudi?"

Nikamwambia wamerudi wote.